Sauti Kumi za Mononoke, na Jamaa Mmoja wa Kibanda Umiza

Wadau, mnamkumbuka San, yule binti aliyelelewa na mbwa mwitu kwenye Princess Mononoke ya Hayao Miyazaki? Japani waliiona 1997. Wamarekani waliipata 1999 ikiwa na sauti za Kiingereza, na hawakuokoteza watu. San ni Claire Danes, Ashitaka ni Billy Crudup, yule mama mbwa mwitu ni Gillian Anderson wa X-Files. Maneno aliyaandika upya Neil Gaiman. Majina yao yote yanapita pale mwisho wa filamu.

Sasa shuka Kilwa. Kijana wa Songo Mnara akitaka muvi anapanda mashua hadi Kilwa Masoko, anarudi nayo kwenye memori kadi. Iwe ya Kichina, ya Kihindi au katuni ya Kijapani, anachotaka ni iliyotafsiriwa. Na hapo hakuna waigizaji kumi. Kuna jamaa mmoja na maiki. Yeye ndiye stelingi, yeye ndiye adui, bibi kizee, mtoto anayelia, hata risasi anazilia kwa mdomo! Mzaha wa Kizungu ukigoma anatia wa uswahilini, na watu wanacheka kuliko waliouelewa ule wa mwanzo.

Uganda wanawaita VJ. Kenya kuna DJ Afro. Dar alivuma Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, na huyo ana bahati kwamba linajulikana. Wengi wamebaki na a.k.a. tu, na wale waliotafsiri laivu, wamesimama pembeni ya tivii kibandani huku jenereta inanguruma nje, hata a.k.a. hawakuachiwa. Sababu iko wazi: kazi ilifanyika bila kibali cha wenye filamu, kwa hiyo hakuna mkataba, na mwisho wa muvi hakuna pa kumwandika mtafsiri.

Songo Mnara wenyewe wanaijua hali hii. Nyumba na misikiti ya mawe ya matumbawe ipo tangu karne ya 14 na 15, UNESCO waliiandikisha 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani, ila fundi hata mmoja hatajwi. Tofauti ni kwamba ukuta bado unashikika. Kanda ya VHS ikiota ukungu wa pwani, yule jamaa anaondoka nayo, bibi kizee na risasi zake zote.