Mavuno, Ngoma na Samaki: Sikukuu za Kula Mwanza

Mwezi Juni, masika yakiwa yamekatika na mpunga wa mabondeni umeshakatwa, nchi ya Wasukuma hupumua. Mtama na uwele umeingia ghalani. Viazi vitamu vimechimbwa vingi kuliko vinavyoweza kuliwa vikiwa vibichi, na pamba iko tayari kuchumwa. Hii ndiyo miezi ambayo mkulima ana chakula na ana nafasi, na msimu ukimkubalia ana fedha pia. Ndiyo maana ikawa miezi ya ngoma, ya harusi na ya kutembeleana. Anayetaka kujua kwa nini watu wa Mwanza hula kwa furaha zaidi kati ya Juni na Agosti aanze na kalenda ya jembe.

Sikukuu mbili kubwa zinazowakusanya watu wale pamoja kila mwaka upande huu wa Ziwa Viktoria hazina hata neno chakula katika majina yake. Ya kwanza ni Bulabo, inayofanyika Bujora, Kisesa, kilomita kama ishirini kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Ya pili ni Nane Nane, ambayo kwa Mwanza makao yake ni viwanja vya Nyamhongolo, kando ya barabara hiyohiyo. Zote mbili ni sikukuu za watu walioshiba baada ya kazi. Majira yake ni yaleyale ya mababu, lakini kinacholiwa humo kimegeuka karibu chote, na sehemu kubwa ya mageuzi hayo imetokea katika umri wa mtu mmoja.

Tuanze kabla ya reli na kabla ya misheni. Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe aliyezaliwa 1896, alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, ambayo baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili na ikachapwa 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kisa kinaanza na mume ambaye mkewe amechukuliwa na wazazi wake, naye anatakiwa apeleke pombe ya ndizi kwa wakwe ndipo arudishiwe. Kurasa kwa kurasa Kitereza anaeleza jinsi pombe inavyotayarishwa, mgeni anavyokaribishwa, nani ale na nani. Sijui kitabu kingine kinachoonyesha kwa subira kama hiyo kwamba kando ya ziwa hili chakula kilikuwa sheria, deni na upatanisho kwa wakati mmoja. Karamu ilikuwa na mwenyewe, na ilikuwa na sababu.

Upande wa bara, kwa Wasukuma, sababu mojawapo kubwa ilikuwa kazi ya pamoja. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, walikwenda kulima shamba la mtu kwa mpangilio wa ngoma: majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, manju anaimba, nao wanaitikia. Bugobogobo inayochezwa leo majukwaani kwa majembe mikononi ilizaliwa katika mashamba hayo. Mwenye shamba aliwalipa kwa nafaka au kwa mnyama, na malipo hayo yalihifadhiwa mpaka kiangazi, yakaliwa kwa sherehe. Jasho la mwezi Januari lililiwa mwezi Julai.

Kiangazi hicho ndicho kilichokuwa na mashindano. Masimulizi ya Usukuma yanawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani kati yao ana dawa ya ngoma yenye nguvu zaidi. Wafuasi wao wakawa vyama viwili, Bagika na Bagalu, na mpaka leo kundi la ngoma la Kisukuma likijitambulisha husema liko upande upi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila kundi hutafuta la kuwashangaza watu: chatu shingoni, nungunungu, fisi, moto. Shindano la namna hiyo halimaliziki kwa saa moja. Lilikwenda siku kadhaa, na watu waliosimama juani siku kadhaa lazima wale. Hapo ndipo ngoma na chungu vilipofungamana.

Wakoloni walikuta mambo yakiwa hivyo, wakayasukuma kwa njia zao. Pamba ikawa zao la fedha la Usukuma, na msimu wa kuinunua ukaangukia miezi ileile ya ngoma. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, ikaunganisha mpunga na pamba ya hapa na pwani. Serikali za wenyeji zililazimisha kila kaya ipande muhogo kama akiba ya njaa, nao, ukivundikwa na kuanikwa, ukawa udaga, ambao hadi leo kuna wazee wasiotambua ugali bila huo. Mahindi yaliusukuma mtama pembeni taratibu. Mwaka 1955, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vikiongozwa na Paul Bomani viliungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria, na fedha za pamba zikawa zinamfikia mkulima kupitia chama chake mwenyewe. Nyumba nyingi za bati, baiskeli nyingi na ng'ombe wengi wa karamu vilitoka humo.

Miaka hiyohiyo ya 1950 padri mmoja wa Kanada, David Clement wa shirika la White Fathers, alifanya kazi Bujora. Wasukuma walimwita Fumbuka. Mapadri wengi waliomtangulia waliiona ngoma ya Kisukuma kuwa jambo la waganga, na hawakukosea kabisa, maana chimbuko lake ni hilo. Clement alichagua njia nyingine: alikusanya ngoma za watemi, viti vya enzi na vyombo vya nyumbani, akajenga kanisa lenye sura ya nyumba ya kitemi, na makumbusho yake yakafunguliwa 1968. Sikukuu ya Ekaristi, yenye maandamano na maua yaliyoipa Bulabo jina, huwa siku sitini baada ya Pasaka, yaani mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Clement aliona kwamba tarehe ya Kanisa na tarehe ya mavuno zimekutana, akawaalika Bagika na Bagalu waje kushindana hapo. Nafikiri huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mahubiri mengi. Sikukuu iliyoletwa na misheni ikapata mizizi ya mahali, na mashindano ya zamani yakapata uwanja ambao hayangefukuzwa.

Bulabo ikakua. Ikatoka kuwa ya waumini wa parokia moja, ikawa ya Wasukuma wote, kisha ya wageni. Na kando ya uwanja wa ngoma vikasimama vibanda.

Humo ndimo kuna mabaki ya chakula cha kale. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kukaushwa, navyo huwa vigumu na vitamu, vinatafunwa kama vilivyo au vinachemshwa tena na karanga. Kuna mlenda, kuna nsansa ya majani ya kunde yaliyokaushwa, kuna maziwa ya mgando. Vyote hivi ni vyakula vya kuhifadhi, vilivyobuniwa na akina mama waliojua kwamba Oktoba itafika na ghala litapungua. Kwamba vinaliwa Juni, wakati wa neema, kwangu ni jambo la kufurahisha sana.

Samaki wana historia nyingine, na ni ya uchungu.

Mtu aliyekula kwenye sherehe ya Mwanza mwaka 1960 alikula samaki ambao mjukuu wake hawajui kwa ladha. Sato wa asili, ambaye upande wa Kenya huitwa ngege, alikuwa ndiye wa heshima. Ningu walivuliwa wakipanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Furu, wadogo wenye miiba na rangi za kila namna, walikuwa samaki wa kila siku: mtoto aliwavua kwa ndoano, mama akawaanika juani bila kuni, wakauzwa kwa mafungu. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wengi wao hawapo popote pengine duniani.

Dalili za matatizo zilionekana mapema. Nyavu za kutoka Ulaya ziliingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu 1901, na sato wa asili wakaanza kupungua. Mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alilipima ziwa 1927 na 1928, na katika ripoti yake ya 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa na hatari kubwa mno. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer alirudia onyo hilo 1960. Hawakusikilizwa. Sangara aliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, kisha hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hoja kwamba atageuza furu wasio na bei kuwa minofu yenye bei. Wakati huohuo aliletwa pia sato wa Mto Naili, ambaye ndiye anayeliwa leo karibu kila hoteli ya Mwanza.

Miaka ishirini ilipita kimya. Katika Ghuba ya Mwanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walioanza kazi 1977 walikuta furu wametawala, wengi kiasi kwamba kiwanda kilikuwa kimejengwa katikati ya muongo huo kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Halafu, kati ya 1983 na 1986, sangara walifurika ghubani na furu wakatoweka mbele ya macho ya watafiti. Aina nyingi hazijaonekana tena.

Jikoni, badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyosimuliwa. Furu alianikwa juani. Sangara ana mafuta, haanikiki hivyo, lazima akaangwe au abanikwe kwa moshi, na hiyo ni kuni. Furu alinunuliwa na mama mwenye mtaji mdogo. Sangara mmoja anaweza kupita kilo mia, anahitaji mwenye gari na barafu. Wanawake wengi walipoteza biashara kwa wanaume wenye mitaji. Wapishi nao walilazimika kumjifunza upya: akatiwe limau na tangawizi kukata shombo, mafuta yake yatumike kumkaangia mwenyewe, achemshwe kwa nyanya. Kutoka kwake akazaliwa pia kayabo, samaki wa chumvi anayesafiri mpaka Kongo.

Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijipanga kando ya ziwa, na ndege zikapeleka minofu Ulaya. Kilichobaki, kichwa na mifupa, kikaitwa mapanki, kikakaangwa na kuuzwa mitaani. Filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, iliwaonyesha walimwengu mapanki hayo, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani kwa kuichafua nchi. Naelewa hasira ya wakazi walioona jiji lao likionyeshwa kama jalala. Mapanki yaliyopikwa na anayejua ni chakula, na supu ya kichwa cha sangara ina wapenzi wake wa dhati. Lakini swali lilibaki palepale: kwa nini mtu anayeishi kando ya ziwa ale mfupa wakati mnofu unapanda ndege?

Nane Nane ni mahali ambapo swali hilo hujibiwa kwa vitendo, kidogo kidogo. Siku ya wakulima zamani iliunganishwa na Sabasaba, kumbukumbu ya kuzaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, kisha ikahamia tarehe 8 Agosti, na maonyesho yakawa ya wiki nzima. Si kila mwaka Mwanza ndiyo kitovu cha kanda. Mwaka 2018 na 2019 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Simiyu. Hata hivyo, iwe Nyamhongolo au Nyakabindi, mwenyeji wa ziwa huenda kuona na kuonja. Watafiti wa kilimo wa Ukiriguru huleta viazi lishe vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A, na wapishi huvifanya chapati na maandazi. Wafugaji wa samaki huonyesha sato wa vizimba, maana sato wa ziwani amekuwa adimu na ghali.

Kwa upande wa ziwa, kuvuliwa sana kwa sangara kumewapa nafasi baadhi ya furu kurudi tangu miaka ya 1990. Na dagaa, ambao hakuna aliyewatazama kama chakula cha karamu, sasa wanaongoza kwa uzito katika samaki wote wanaovuliwa ziwani. Sokoni Mwaloni, Kirumba, magunia yao yanapakiwa kwenda Kongo na kwingineko, na mjini wanaungwa kwa nyanya au karanga na kuliwa na ugali wa udaga.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Pasaka hufuata mwezi mpevu, na Ekaristi huhesabiwa kutoka Pasaka, kwa hiyo sikukuu ya Bujora, iadhimishwe Alhamisi au Jumapili inayofuata, karibu kila mara huangukia siku za mwezi kupungua. Mitumbwi iliyokuwa imelala imekwisha kurudi majini au inajiandaa kurudi, na dagaa wapya wa msimu hufika Mwaloni wakati uleule Bagika na Bagalu wanaposhindana.