Al-Amin bin Ali Mazrui

Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa kadhi, mwalimu na mchapishaji wa Mombasa, mwanzilishi wa gazeti la kwanza la Kiislamu kwa Kiswahili. Ukoo wake ulitawala Mombasa hadi 1837. Baadaye tawi moja likakaa Takaungu, jingine Gazi, kusini mwa Diani. Al-Amin alikuwa bado mtoto wakati Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipopigana na Waingereza, 1895 hadi 1896, akashindwa na kukimbilia eneo lililotawaliwa na Wajerumani. Ukoo uliopoteza enzi ukabaki na elimu.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah, lililotoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani wasomeshe watoto, wasiuze mashamba ovyo, wasifilisike kwa karamu za harusi na matanga. Sadaka yake ilikuwa elimu, na aliitoa kwa lugha ambayo kila msomaji aliielewa.

Mwaka huohuo wa 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na kuanzia 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki.

Uzito wa kadhi kueleza sheria kwa Kiswahili unaonekana vizuri Kwale, wanakoishi Wadigo. Kwa ada yao ya kale, mali ya marehemu humwendea mpwa, mtoto wa dada yake. Sheria ya Kiislamu huwapa watoto wake: mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Mzee wa Msambweni akifa na kuacha minazi, mwana aliyeipalilia miaka yote hujikuta barazani na binamu yake, na kila mmoja ana hoja. Shauri kama hilo haliishi kwa amani ikiwa hukumu imetoka katika vitabu vya Kiarabu ambavyo wadai hawawezi kuvisoma. Al-Amin aliiona mapema haja ya kueleza sheria kwa Kiswahili.

Mwanafunzi wake, Muhammad Kassim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 hadi 1968. Mwana wa Al-Amin, Ali Mazrui (1933–2014), alipata sifa duniani kama mwanazuoni wa siasa. Makala ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu Uwongozi, na mwaka 2017 yakachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Hassan Mwakimako na Kai Kresse.