Msaada Wenye Miguu

Masomo: Wafilipi 2:25-30, Waebrania 13:3



Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, kanisa la Filipi halikumtumia salamu tu. Lilimtuma mtu, jina lake Epafrodito. Kutoka Filipi mpaka Roma ni zaidi ya kilometa 1000, kwa miguu na kwa mashua. Epafrodito alibeba sadaka ya wandugu zake, akaugua sana, karibu afe. Paulo hakumlaumu kwamba alijitafutia shida. Aliliomba kanisa limpokee kwa furaha na kuwaheshimu watu kama yeye. Na tusisahau: makanisa ya Makedonia, Filipi likiwa mojawapo, yalikuwa maskini kabisa (2 Wakorintho 8:2).

Baada ya mitume, katika karne ya 2, mkristo mmoja wa Atene aliyeitwa Aristide alimwandikia kaisari wa Roma kumweleza wakristo ni watu wa namna gani. Alisema wakisikia ndugu amefungwa au anateswa kwa ajili ya jina la Kristo, wote wanaangalia mahitaji yake. Tena, kama kuna maskini kati yao nao hawana chakula cha kumpa, wanafunga siku 2 au 3 ili apate cha kula. Watu wale hawakuwa na akiba. Walikuwa na miili yao tu, wakakubali ione njaa ili ndugu ashibe.

Na hapa kwetu Katanga, je? Injili ya Pentekoste ilifika kwa miguu. Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba. Mungu alikuwa anawaandalia wasaidizi ambao wao hawakuwajua. Watu waliokuwa wamekamatwa na kuuzwa utumwani mpaka Bihe, Angola, walimjua Yesu kulekule utumwani. Walipopata uhuru walirudi kwa miguu, mamia ya kilometa, katika njia ileile waliyopitishwa wakiwa watumwa. Wangeweza kubaki kule walikozoea. Lakini walirudi kwa watu wao na Neno la uzima, na wengine wao wakawa wahubiri wa kwanza wa kazi ile.

Kisha mwaka 1960 ukaja. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na vita ikawaka upande wa kaskazini. Makanisa mengi yakabaki katikati ya hatari. Wamisionere wawili wa Pentekoste, Edmund Hodgson, Mwingereza, na Elton Knauf, mtu wa New Zealand, walishika njia kuelekea Lulungu, mahali Knauf alipokuwa anatumika, ili wawapelekee watu wa huko msaada. Hawakufika. Tarehe 23 Novemba 1960 vijana wenye silaha waliwaua njiani.

Mtu anaweza kuuliza: faida yake nini, kama mzigo haukufika? Tunajibu kwa maneno ya Paulo juu ya Epafrodito. Alimheshimu kwa sababu alihatirisha maisha yake kwa kazi ya Kristo. Hatuambiwi tukimbilie kifo. Tunaambiwa ndugu anayeteswa asihesabiwe kuwa mtu wa mbali.

Siku hizi, huko Ulaya, kuna wakristo wanaokimbia mbio ndefu, wanaotembea siku nzima, wanaoendesha kinga milimani. Rafiki zao wanachanga pesa kwa ajili ya mbio hizo, na pesa zinaenda kwa wakristo wanaoteswa. Shirika la Open Doors, lililoanza na safari za Mholanzi Brother Andrew mwaka 1955, linatumia njia hiyo.

Huku Koni na Likasi, pengine tutacheka. Papa anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala tangu alfajiri, na mama anayebeba maji kichwani, watakimbia mbio gani tena? Mwili umekwisha kuchoka. Lakini hapo ndipo wakristo wa Aristide wanatufundisha. Sisi Wapentekoste tunajua kufunga. Tunafunga kwa kazi, kwa ndoa, kwa uponyaji, na ni vizuri. Lakini bukari ambayo hatukula siku ile inaenda wapi? Mara nyingi unga unabaki katika mfuko wetu, tunaula kesho yake. Isaya 58:7 inasema wazi kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chetu.

Na wenye njaa ni wandugu zetu wa Kongo hii hii. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Mungu, bomu lililipuka katika kanisa la Pentekoste huko Kasindi, Kivu ya Kaskazini, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Mwezi wa Julai 2025, huko Komanda, Ituri, Wakatoliki walishambuliwa wakiwa katika mkesha, na watu zaidi ya 40 wakauawa. Kutoka kwetu mpaka Kasindi ni zaidi ya kilometa 1200. Kutoka Filipi mpaka Roma nako hakukuwa karibu.

Basi tufanye hivi. Siku ya kufunga, kila nyumba ipime unga ambao ingepika, au ihesabu bei yake, na kuuleta kanisani. Wazee wauhesabu mbele ya watu wote, na watafute mikono ya kuaminika ya kuufikisha kwa waliokimbia makwao. Aliyefunga asijionyeshe (Mathayo 6:16). Na kama familia iliyokimbia vita imefika katika kartie yetu, tusingoje tangazo: twende mlangoni pao leo, kwa miguu yetu.

Bwana aipe miguu yetu nguvu, na awafariji wandugu zetu wanaolia. Amina.