Tovuti niliyoipanga kwenye daftari, Habaswein 2003

Juzi nilikuwa napanga masanduku nyumbani nikakuta daftari moja la shule, jalada lake limeshaliwa na mchwa pembeni. Ndani yake kuna tovuti nzima imechorwa kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na uzito wa kila picha. Niliichora likizo ya Agosti 2003 nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Nairobi. Ilikuwa tovuti ya kuonyesha kazi zangu, ile wabunifu huita potifolio. Basi leo tuweke msimbo pembeni, tuzungumze historia kidogo.

Kwa wasioijua, Habaswein iko katika kaunti ya Wajir, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ukitoka Garissa unapita Modogashe, na safari yote ni zaidi ya kilomita 200. Karibu na hapo kuna kinamasi cha Lorian, ambako mto Ewaso Ng'iro unaishia mchangani. Jina la mji ni la Kisomali, maana yake vumbi kubwa, na kwa mtu wa kompyuta hilo si jina la utani. Barabara ya lami haikuwepo. Umeme mji ulipokuja kuupata, ulikuwa wa kituo chake wenyewe, jenereta za dizeli kisha baadaye jua na upepo, si gridi ya taifa. Ukitaka kujua sababu, soma Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965. Ulisema fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, kwa kuwa huko ndiko zitakakozaa. Sisi tulikuwa na ngamia.

Sasa, wazo la mwanafunzi kuwa na ukurasa wake lilitoka wapi? Tovuti ya kwanza duniani ilifunguliwa mwaka 1991 na Tim Berners-Lee kule CERN. Miaka mitatu baadaye, Januari 1994, mwanafunzi wa chuo cha Swarthmore huko Marekani aitwaye Justin Hall alianza kuweka maisha yake na viungo alivyovipenda kwenye ukurasa wake mwenyewe. Vyuo vya kule vilikuwa vikiwapa wanafunzi nafasi kwenye seva. Ile alama ya wimbi (~) uliyokuwa ukiiona kwenye anwani za zamani ilimaanisha kwamba hapo ni chumba cha mtu fulani ndani ya nyumba ya chuo.

Kwetu hicho chumba hakikuwepo. Jina la .ke lilisajiliwa mwaka 1993. Africa Online ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Kisha 1998 shirika la posta na simu likaja na Jambonet, mlango mmoja wa nchi nzima kutokea nje. Mlango wenyewe ulipitia setilaiti, kwa hiyo ulikuwa mwembamba na ghali. Chuo chetu kilikuwa na maabara ya kompyuta, lakini seva ya mwanafunzi kuweka kurasa zake? Hata kuuliza hatukuuliza. Tulikimbilia huduma za bure za ng'ambo. Maarufu kuliko zote ilikuwa GeoCities, iliyoanzishwa 1994 na kununuliwa na Yahoo 1999. Mimi nilichagua nyingine ndogo, kwa sababu matangazo yake yalikaa chini ya ukurasa badala ya kurukaruka usoni.

Turudi kwenye daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: 1.44. Hiyo ndiyo nafasi ya diski moja laini kwa megabaiti, na ndiyo iliyokuwa sheria ya mradi mzima. Nilikuwa nikitengeneza faili kwenye maabara ya chuo, nazibeba kwenye diski hadi saiba, na saiba walihesabu dakika. Modemu ya 56k iliandikwa hivyo kwenye boksi tu. Kwa kweli ukipata kilobaiti 4 kwa sekunde unamshukuru Mungu. Ukurasa wa kilobaiti 40 ni sekunde 10, na wa kilobaiti 200 mgeni ameshaondoka. Kwa hiyo pembeni ya kila mchoro kuna hesabu: picha ya juu kilobaiti 12, picha ya kazi 15, maandishi 6. Upana ni wa skrini ya 800 kwa 600. Rangi nimechagua kutoka zile 216 zilizoaminika kwenye kila mashine.

Mwaka ule nilikuwa nimeona CSS Zen Garden, tovuti ambayo Dave Shea aliifungua Mei 2003. HTML ni ileile, lakini kila mbunifu anaivika nguo nyingine kwa CSS. Mpaka hapo nilikuwa nikijenga kurasa kwa majedwali ndani ya majedwali, na vipicha vya pikseli moja visivyoonekana vya kusukuma vitu, kama alivyotufundisha David Siegel kwenye kitabu chake cha 1996. Habaswein sikuwa na kompyuta ya kujaribia hiyo CSS. Ikabidi niandike maneno kwanza, nguo zisubiri Nairobi. Naamini vumbi lilinisaidia hapo. Ningekuwa na mashine mbele yangu, likizo yote ingeishia kwenye vivuli vya vitufe.

Tatizo lilikuwa jingine kabisa: kazi za kuonyesha sina. Mwanafunzi gani ana wateja? Nikaamua kutengeneza kazi tatu za kweli hata kama hakuna aliyeniagiza. Moja ilikuwa ukurasa wa hoteli ya mjomba, ya pili orodha ya magari ya Nairobi na siku yanapoondoka, na ya tatu bei za mifugo za soko la Garissa, ambalo ni kati ya masoko makubwa ya mifugo katika ukanda huu. Kwa kila moja nilijiuliza maswali matatu: nani anahitaji, sasa hivi anafanyaje bila tovuti, na nimebadilisha nini.

Nilimwonyesha mjomba michoro akiwa anamimina chai. Kwetu mjomba ni abti, naye hukuita abti vilevile.

"Abti, hii hoteli yangu wataiona wapi watu wa hapa?"

"Hawataiona, abti. Wataiona watu wa Nairobi wanaotoa kazi."

Akacheka. "Kwa hiyo hujanitengenezea mimi." Akafungua ukurasa mwingine. "Na hii nyumba umeijenga kwa ploti ya nani?"

Nikamweleza kwamba ni ya kampuni ya ng'ambo, inatoa bure.

"Siku akitaka ploti yake?"

Sikuwa na jibu, nikabadilisha mazungumzo. Lakini lile swali la kwanza nililiandika kwenye daftari, bado liko pale, na kwa sababu yake nikaongeza toleo la bei za mifugo la kuchapishwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani.

Tovuti ilipanda mwezi Oktoba. Ilinichukua safari nne za saiba. Mwaka uliofuata nikaitwa kwenye mahojiano ya nafasi ya mazoezi ya kazi. Aliyenihoji hakugusa rangi wala CSS niliyokesha nayo. Alitaka kujua ile karatasi ya ukutani nilifikiriaje. Nikapata nafasi.

Mwaka 2009 ndio uliobadilisha kila kitu. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa katikati ya mwaka, na intaneti ya setilaiti ikaanza kusahaulika. Tarehe 26 Oktoba mwaka uleule GeoCities ikazimwa. Jason Scott na wenzake wa Archive Team walikuwa wamekimbia kunakili walichoweza. Huduma yangu ndogo haikuwa na wa kuikimbilia. Siku moja nilifungua anwani nikakuta tangazo la jina linalouzwa. Kwenye hifadhi ya Internet Archive nilipata kurasa mbili bila picha hata moja. Diski laini nilizokuwa nazo hazikusomeka tena, vumbi lilikuwa limeingia. Kilichobaki ni daftari.

Niliijenga upya 2010 kutoka kwenye michoro hiyo, wikendi mbili tu, safari hii kwa jina langu la .ke. Usajili uko chini ya KeNIC, iliyoundwa 2002. Nilipokwenda nyumbani nilimwonyesha abti kwenye simu. Aliitazama hoteli yake kwa muda mrefu.

"Na hii ploti ni yako sasa?"

"Ni yangu, abti. Nimelipia mwaka mmoja."

"Aa," akasema, "kwa hiyo umepanga."