Kompyuta inapobonyeza kitufe cha Morse

ANAYEWASHA redio ya mawimbi mafupi katika Industrial Area, Nairobi, husikia kwanza mikwaruzo ya mitambo ya kuchomelea vyuma na mota za umeme kando ya Barabara ya Enterprise. Sauti dhaifu ya binadamu humezwa humo. Alama za Morse hupenya, kwa kuwa huhitaji upana wa hertz 150 hivi, ilhali mazungumzo hutaka zaidi ya 2,000. Chujio jembamba huacha kelele nyingi nje.

Ndiyo maana wapenzi wa redio ya ridhaa hawajaitupa Morse, ijapokuwa mwaka 2003 mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) uliziachia nchi hiari ya kuwatahini au kutowatahini waombaji leseni. Kilichobadilika ni mkono unaobonyeza.

Kitufe cha Morse, kwa hakika, ni swichi tu. Nyaya zake mbili zikigusana redio hutuma wimbi, zikiachana hunyamaza. Kompyuta hufanya kazi hiyo kupitia tundu la zamani la pini 9. Programu hupandisha volti katika pini ya 4, iitwayo DTR. Volti hupitia rezista ya ohm 1,000 hadi beizi ya transista ndogo kama 2N2222. Emita huunganishwa na pini ya 5 pamoja na waya wa ardhi wa redio, na kolekta huenda kwenye ncha ya plagi ya kitufe. Vifaa vya namna hiyo ndivyo biashara ya Luthuli Avenue. Redio kongwe za vali zisiunganishwe hivyo, kwani volti za kitufe chake huweza kuiua transista.

Hatari kubwa iko mahali ambapo wengi hawaitazamii. Baadhi ya kompyuta hupandisha pini hiyo zinapowashwa, na redio huanza kutuma mfululizo, ikipasha moto transista zake za mwisho na kuwazibia wengine masafa. Kompyuta na itangulie kuwashwa, redio ifuate. Optokapla badala ya transista hutenganisha umeme wa pande mbili, lakini haizuii kosa hili.

Kisha kuna suala la saa. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, nukta hudumu milisekunde 60 na kistari 180. Windows, yenye shughuli lukuki, ikichelewa milisekunde 30 herufi huharibika. Kifaa kiitwacho WinKeyer hupokea herufi kutoka kwa kompyuta na kuzipima chenyewe.

Kenya ina mfano wake wa Morse isiyo na mkono. 5Z4B ni alama iliyotengewa Kenya katika mtandao wa vituo 18 vya ishara duniani, ambavyo hupokezana kila baada ya sekunde 10 kwenye megahertz 14.100. Kidhibiti kinachofuata saa ya setilaiti za GPS hutuma jina la kituo kwa kasi ya maneno 22 kwa wati 100, kisha vistari vinne vya sekunde moja moja: wati 100, 10, 1 na 0.1. Msikilizaji wa mbali anayekinasa kistari cha tatu hujua kwamba wati moja imemfikia.