Makaratasi yako ndani ya klaudi: ni ya nani, na nani anashika ufunguo?

Huku kwetu mashariki, mutu akikimbia vita hana wakati wa kutafuta karatasi. Anashika watoto na simu, anatoka. Karti ya uchaguzi, diploma na makaratasi ya parsele vinabaki nyumbani, na hakuna anayejua kama atavikuta. Njo maana watu wengi sasa wanapiga foto za makaratasi yao na kuzituma kwenye klaudi. Ni wazo zuri. Lakini zikiisha kufika huko, bado ni zako?

Klaudi ni ordinateri kubwa za kampuni, zenye kuwaka usiku na mchana, nyingi zikiwa mbali na Congo. Foto unayoweka kwenye Google Drive, iCloud ao Dropbox inalala ndani ya ordinateri ya wengine. Wewe unapewa mulango wa kuifikia. Mulango huo njo tunaita konti. Google inakupa giga 15 bila kulipa, na Gmail, Drive na Google Photos zinagawana hizo hizo. Apple inatoa giga 5.

Tuanze na umiliki. Masharti ya Google yanasema wazi kwamba kitu chako kinabaki chako. Drive ilipofunguliwa, Aprili 2012, watu wengi walilalamika hata hivyo, juu masharti hayo hayo yanaipa kampuni ruhusa ya kunakili faili na kuigeuza. Kwa sehemu kubwa ruhusa hiyo ni ya kazi: bila kunakili hawawezi kukutunzia, na bila kupunguza ukubwa wa foto hawawezi kukuonyesha kwenye simu ndogo. Karatasi yako ya parsele haiwi yao.

Lakini kuwa yako haimaanishi kwamba hakuna mwingine anayeweza kuiona. Kwa kawaida kampuni inafunga faili kwa siri, ila ufunguo inabaki nao yenyewe, na programu zake zinaweza kupitia vitu unavyoweka. Mwaka 2022 gazeti New York Times lilieleza habari ya baba mmoja wa San Francisco. Alipiga foto za sehemu ya siri ya mutoto wake mgonjwa ili daktari aone. Simu ikazituma yenyewe kwenye klaudi, programu ya Google ikazichukua kuwa uhalifu, konti ikafungwa. Polisi ilichunguza ikaona hana kosa. Google haikumrudishia konti, na barua na foto zake za miaka zikaenda nayo. Zilikuwa zake kabisa, lakini mulango haukuwa wake.

Sheria nazo ziko. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda maisha ya siri na mawasiliano ya mutu, na sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa pia habari za watu binafsi. Lakini kampuni nyingi hizi ni za Marekani, na sheria ya kule ya mwaka 2018 inaruhusu wakubwa wa sheria kuzidai faili hata kama ordinateri iko nchi ingine.

Kusema kweli, kwa wengi wetu hatari haitoki Marekani. Iko pale kwenye siberi, ao kwa kijana aliyekuuzia simu. Anakufungulia konti haraka haraka, anaweka namba yake mwenyewe, neno la siri anachagua yeye. Siku unasahau hilo neno, kode ya kukufungulia inaingia kwenye simu yake. Makaratasi ya familia nzima yako mukononi mwa mutu ambaye hata jina humukumbuki! Kama ni hivyo kwako, ingia leo kwenye fasi ya usalama ya konti, utoe namba yake, weka yako na ya ndugu unayemwamini, kiisha ubadilishe neno la siri. Na ukiacha laini yako muda mrefu, kampuni ya simu inaweza kuipa mutu mwingine. Itoe kwanza kwenye konti.

Linki nayo ni ya kuangalia. Ukichagua kwamba kila mwenye linki anaweza kufungula, na linki ikaingia kwenye grupu ya WhatsApp, grupu nzima inasoma karti yako. Andika adresi ya mutu mmoja tu. Kopi ya WhatsApp inayokwenda Drive, tangu 2021 unaweza kuifunga kwa neno la siri lako, lakini ukilisahau hata WhatsApp haiwezi kukusaidia.

Kwa waliopoteza simu njiani: tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta konti ya mutu isiyotumiwa kwa miaka 2. Kuingia mara moja kwa simu ya rafiki kunatosha, mradi ukimaliza utoke kabisa kwenye konti. Na kopi ingine iweke kwenye karti ndogo ya memori, kwa ndugu aliye muji mwingine.