Daniel Adongo: Mwanaraga Mkenya aliyeingia NFL

KIAMAIKO, kama kwingineko Eastlands, Nairobi, anapotajwa mchezaji wa kulipwa ng’ambo fikira huenda kwenye soka. Daniel Adongo alipita njia nyingine. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, ambako mpira umechongoka na hubebwa mikononi.

Adongo alizaliwa Nairobi mwaka 1989 na kujijengea jina katika raga, aliyoicheza Afrika Kusini na New Zealand. Julai 2013 klabu ya Indianapolis Colts ilimsajili akiwa na miaka 23, ilhali hakuwa amewahi kucheza kandanda hiyo hata mechi moja. Wenzake waliicheza tangu shuleni. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa papo hapo Indianapolis, na alijiunga na NFL mwaka 2006 baada ya kunolewa chuoni.

Colts walimfunza Adongo ulinzi, hasa kumwandama mrusha mpira wa wapinzani. Hata hivyo, alipocheza mara ya kwanza, Desemba 1, 2013 dhidi ya Tennessee Titans, aliingizwa katika kikosi maalumu cha wakati wa mikwaju. Hapo mbio na ukabaji wa raga vilitosha. Ulinzi ulidai zaidi: kutambua hila za mpinzani kabla mpira haujaguswa, ujuzi usiopatikana kwa msimu mmoja au miwili. Colts walimwachilia Desemba 2015, akiwa amecheza mechi chache tu.